Jua la Uani kwa Wakwe

Lemara, 8 Mei 2024

Mkwe wangu Mama Lesian,

Nakusalimu. Mzee Lomayani mpe shikamoo yangu, na mguu wake Mungu auponye. Salamu zangu zimeishia hapo, kwa hiyo kaa chini usome.

Ningeweza kupiga simu. Lakini wewe ukipokea simu unaiweka sauti ya juu, boma zima linasikia mpaka mbuzi, na haya niliyonayo si ya kusikiwa na mbuzi. Uchumba wa watoto wetu ulianza kwa barua, basi na ugomvi wake acha uje kwa barua. Hedwiga atakupa mkononi. Unamjua, wifi yangu yule mnene anayeuza vitunguu Ngaramtoni siku za gulio.

Huyo Hedwiga alipita kwako Lengijave Jumapili kumwona Aika. Amerudi hapa, amekaa kwenye kochi langu, nikamwekea chai, akaikataa. Hedwiga kukataa chai! Nikajua kuna msiba au unakuja.

Anasema mwanangu ana mimba ya miezi mitano na anatembea kama bata. Anashika ukuta. Akitaka kuinuka kwenye kigoda anajisukuma magoti kwa mikono kama bibi kizee. Uso umepauka, nywele zimefungwa, amejifunika khanga mbili ndani ya nyumba. Akamwambia Hedwiga mapaja na nyonga vinamuuma kwa ndani, kwenye mfupa. Halafu akajuta kusema, akamshika mkono: "Shangazi, tafadhali, mama asijue."

Mkwe, mimi darasa la saba, lakini sokoni Kilombero nimesoma mpaka chuo kikuu. Kila kabila limesimama mbele ya beseni langu la samaki likaniambia ya kwao. Habari ya ninyi Waarusha kumnyima mjamzito chakula ili mtoto awe mdogo atoke kirahisi, ninayo. Habari ya ile dawa chungu ya kumtapisha, ninayo pia. Siku niliyoisikia nilitema mate chini mbele ya wateja. Leo nikifikiri imo kwenye tumbo la Aika, mate yananijaa tena, na nimeandika barua hii nikiwa na ndoo pembeni. Sikutanii.

Na samaki wangu! Nilimchagulia mwenyewe nikamtumia, sato wa kubanika, wanene, wa kumpa mjamzito nguvu. Hedwiga amewakuta wapi? Kwa mbwa. Mbwa wako wanakula sato wangu na mwanangu anashika ukuta. Mimi samaki hao hao ndio walionijengea nyumba, wakamlipia Aika masomo, wakamvalisha siku ya harusi. Hakuna mbwa kwetu aliyewahi kuonjeshwa.

Nataka jibu. Unamlisha nini mtoto wangu, na unamtapisha kwa nini?

Mimi mkweo,
Theresia, Mama Aika


Lengijave, 12 Mei 2024

Mama Aika,

Barua yako nimeisoma nimesimama, kwa sababu nilikuwa na kazi.

Nianze na hiyo dawa. Mimi Namnyaki niliinywa. Nilikuwa na mimba ya Lesian, nikashikwa kichwa na wanawake wawili, nikamiminiwa kinywani kwa kibuyu. Ile harufu ya gome lililochemshwa na kulala siku mbili, mpaka leo nikipita chini ya mti wake naziba pua. Nilitapika mpaka nikaona nyongo. Niliapa mbele ya Eng'ai, Mungu wetu, kwamba mke wa mwanangu hatainywa, na hajainywa, na mama mkwe wangu alikufa akiwa hajanisamehe kwa kusema hivyo. Kwa hiyo hiyo ndoo yako imwage tu, mkwe.

Samaki ni kweli. Walikuja wamefungwa kwenye gazeti na mfuko wa nailoni, na jua limewapiga njia nzima. Nilipofungua, macho yao yananitazama. Kwetu sisi kile kiumbe hakina tofauti na nyoka, kinateleza, kina magamba, hakina miguu. Ng'ombe mwenye ndama alikataa kukamuliwa asubuhi ile. Sikuwatupa kwa dharau. Sikuwa na mahali pengine pa kuwaweka. Hata mbwa walizunguka kwanza wakishauriana.

Sasa na mimi nikuulize. Binti yako umemfundisha nini kuhusu sisi?

Nikimpelekea maziwa ya moto anafunika pua kwa khanga. "Asante yeyo, nimeshiba." Kuniita yeyo, mama, anajua. Kashiba nini? Nikipika makande anakula vijiko viwili na kurudisha. Mayai ninayo, kuku wanataga mpaka kwenye vitanda, hataki hata kuyasikia. Kutwa nzima yuko chumbani na pazia limeshushwa. Wenzake wanaanika mahindi, wanapiga stori, yeye hatoki. Akitoka ni chooni, mbio, amejifunika kama anayekwenda kuiba. Nilidhani mwezi wa kwanza ni ugeni. Nikadhani wa pili ni kichefuchefu. Sasa najua ni kinyaa. Anatuona tunanuka ng'ombe, mtoto wa mjini.

Hakuna anayemnyima hapa. Anatunyima yeye.

Namnyaki


Lemara, 15 Mei 2024

Aika mwanangu mpenzi,

Marahaba ya mapema, maana najua ukinijibu utaanza na shikamoo.

Hedwiga ameniambia, usimkasirikie. Hana kifua cha kuficha neno, kifua chake ni cha kuweka vitunguu tu. Mama mkwe wako naye ameniandikia barua, na katika ile barua wewe ni malkia unayeziba pua. Nimeisoma nikacheka, halafu sikucheka.

Mimi nakujua. Wewe ni yule mtoto aliyekuwa anakula dagaa kwa ugali wa jana bila kuulizwa. Siku ya sendofu yako niliomba kipaza sauti, MC akaniogopa akanipa, nikasema mbele ya ukumbi mzima: "Jamani, huyu mtoto tangu nimzae sijamsikia akilalamika. Aliugua malaria mara mbili bila kuniambia. Nawapa binti asiye na neno!" Vigelegele vilivyopigwa, mpaka watu wa ukumbi wa jirani walitoka kuchungulia. Mama mkwe wako mwenyewe alisimama akanikumbatia, na nikasikia anabana pumzi kwa sababu ya harufu ya samaki, maana haitoki hata ukiogea ndimu. Nilimsamehe. Nilikuwa na furaha.

Kwa hiyo niambie ukweli. Wanakunyima? Wanakutapisha? Au ni wewe? Na hiyo mifupa, umewaambia kliniki? Lesian akirudi kutoka porini alikopeleka watalii wake, hakuoni unavyotembea?

Jibu kwa Hedwiga. Nakubusu tumboni.

Mama yako anayekupenda kuliko wote


Lengijave, 19 Mei 2024

Shikamoo mama,

Mimi sijambo kabisa. Shangazi anapenda kukuza mambo.

Hakuna anayenitapisha wala kuninyima. Yeyo ni mtu mwema, ila maneno yake yanakwenda moja kwa moja. Ni kweli maziwa yananishinda. Wanaosha kibuyu kwa mkaa wa mti, na ile harufu ya moshi ikipanda, mama, utumbo wote unapanda nayo. Mayai nikiyasikia yanakaangwa natoka jasho la baridi. Samaki wako ningekula, Mungu anajua, lakini yeyo alivyofungua ule mfuko nilimwona uso. Sikutaka kuomba kitu ambacho kitamfanya atapike nyumbani kwake.

Kuhusu kukaa ndani usiwaze. Baba mkwe tangu ng'ombe ampige teke kidonda chake hakijapona, hachungi tena, anashinda uani kwenye kiti, ndipo penye jua. Kwao mkwe hawezi kupitapita mbele ya baba mkwe ovyo, sembuse na tumbo limechomoza hivi. Mimi ni mgeni na ni Mchaga, wakinikuta na kosa hilo watasema sikufundwa. Kwa hiyo nakaa chumbani, nashona nepi. Pana giza kidogo lakini nimezoea.

Mifupa ni uchovu wa mimba, wanawake wote wanasema.

Usimwandikie yeyo maneno makali tena. Na usije. Ukija utaongea, nakujua.

Lesian anakusalimia, anarudi mwisho wa mwezi.

Mwanao,
Aika


Lengijave, 13 Juni 2024

Mkwe wangu Mama Aika,

Hedwiga asikutishe kabla hujasoma. Aika yuko hai, na mtoto anacheza tumboni.

Jumatatu nilisikia ananiita kutoka chooni. Hajawahi kuniita kwa sauti. Nikakimbia, nikamkuta amechuchumaa pale chini, hawezi kuinuka. Miguu haina nguvu, imekataa tu, na anapiga kelele nikimgusa nyonga. Mama Aika, choo chetu ni cha shimo, unajua vyoo vya shimo. Inzi, na maji ya mvua yaliyoingia. Nilipiga magoti mle, nikamkumbatia kiunoni nikamnyanyua, na yeye analia ananiomba msamaha kwamba ananichafua. Kinyaa kilinipanda mpaka kooni, lakini hakikuwa cha uchafu. Nilikuwa nimemshika na sikukuta nyama. Mifupa mitupu na tumbo.

Tulichukua gari mpaka hospitali. Daktari alikuwa mwanamke, mpole, kijana. Akamlaza, akampima, wakatoa damu. Tulirudi leo kwa majibu. Akasema damu imepungua, lakini kubwa zaidi ni vitamini D, imeshuka sana, na bila hiyo chakula chenye kalsiamu, ile chokaa ya mifupa, hata ukila hakishiki kwenye mfupa. Mimba inakula mifupa ya mama, na mtoto naye atazaliwa na mifupa laini akiachwa hivi. Wengine nyonga zinapinda mpaka kuzaa kunakuwa hatari.

Nikamuuliza hiyo vitamini inauzwa wapi. Akasema vidonge atampa, na anywe kama alivyoandikiwa, asizidishe kwa sababu nyingi nayo inadhuru. Lakini vitamini yenyewe kwa kawaida ngozi inaitengeneza ikipigwa na jua. Chakula chenye nayo si kingi, ni samaki wenye mafuta, na kidogo kwenye kiini cha yai.

Mkwe, nilicheka. Nilimcheka daktari. Nikamwambia, "Mwanangu, sisi tunaishi Lengijave. Jua letu linapasua mawe. Sisi ndio tungewauzia nyie wa hospitali."

Daktari hakucheka. Akamgeukia Aika: "Mama, wewe jua unakaa saa ngapi?"

Aika akaangalia shuka la kitanda.

"Huwa unatoka nje?"

Akanitazama mimi, jicho la kuomba. Halafu akasema taratibu kama anayesingizia mtu: "Baba yuko uani."

Nilisikia mwili unaniwasha. Kumbe ndiyo hiyo! Mimi nikimsema kwa majirani kwamba ana maringo, namwita Bibi Pazia, wanacheka, na yeye yuko mle gizani ananiheshimia mume wangu. Nilijiona kitu cha kutemewa mate. Daktari akauliza baba ni nani, nikashindwa kumweleza, nitaanzia wapi?

Sasa nina shida mbili, nakuandikia wewe kwa sababu wa kunisaidia ni wewe.

Ya kwanza ni mzee. Mimi mke wake siwezi kumwambia ondoka uani kwako. Uani ni kwake, na anakaa juani kwa ajili ya kile kidonda. Na Lesian hawezi kumwambia baba yake jambo la mke wake, ni aibu mara mbili.

Ya pili ni hao samaki. Sijawahi kushika samaki maishani. Nieleze anavyoshikwa, anavyopikwa, na inzi wanafukuzwaje. Andika polepole, kama unamwandikia mtoto.

Namnyaki wako


Lemara, 14 Juni 2024

Mkwe wangu, dada yangu Namnyaki,

Nimelia sokoni mbele ya watu. Mteja akafikiri nalilia bei.

Aika aliniandikia yote hayo, mwezi wa tano. Baba yuko uani, nakaa chumbani, pana giza kidogo. Nikasoma nikapita! Nilikuwa natafuta mahali palipoandikwa kwamba unamnyima, sikukuta, nikakunja barua. Na anajua nilimtangaza ukumbini kwamba hana neno. Angelalamikaje tena? Sitaki kuendelea na hili, nitavunja kalamu.

Samaki. Nakuletea sato na dagaa. Kwanza elewa, samaki mbichi harufu yake si kuoza. Ukiona macho yanang'aa na shavu la ndani ni jekundu, huyo ni mzima. Macho ya ukungu, mrudishe hata kama nimemleta mimi. Mshike kwa chumvi, chumvi inaondoa utelezi. Magamba unakwaruza kutoka mkiani kwenda kichwani, nje, sio jikoni, yanaruka mpaka kwenye nywele. Matumbo chimbia. Ndimu nyingi, tangawizi, kitunguu cha Hedwiga. Mbanike mpaka akauke juu, halafu mtie kwenye nyanya. Kichwa usimkate, kichwa ndicho Aika anapenda. Ndiyo, na macho. Usitapike mbele yake.

Dagaa ni rahisi zaidi, wakaange wakavu kama karanga, anawatafuna na mifupa yao. Na mayai usikaange, chemsha mpaka yawe magumu, uyaache yapoe, harufu inakufa.

Juani atoke asubuhi jua likishapanda, mikono na miguu wazi, khanga kichwani tu. Sisi weusi jua halituingii upesi, akae. Asubiri ungo wa mchele uchambuliwe wote.

Kuhusu mzee, niachie. Mimi si mke wake wala mtoto wake. Barua yake nimeiweka pamoja na hii, mpe kwa mikono miwili.

Theresia


Lemara, 14 Juni 2024

Mzee Lomayani,

Shikamoo sana mkwe wangu, baba wa Lesian, mwenye ng'ombe na mwenye heshima zote za pale Lengijave.

Mimi ni mwanamke tu na ni muuza samaki, najua ninavyonuka kwako. Nitaandika kwa kifupi, ushike pumzi mpaka mwisho.

Mjukuu wako anaota mifupa ndani ya nyumba isiyo na jua. Mama yake hatoki kwa sababu wewe umekaa nje. Hakufukuzwa na mtu. Amejifunga mwenyewe kwa heshima yako, na heshima hiyo sasa inamla miguu. Daktari amesema anahitaji jua. Jua liko pale ulipokaa.

Sijui mila zenu zote. Kwetu Kibosho nazo zipo, na nyingine ukizieleza utacheka. Lakini naamini hakuna mila ya Waarusha inayosema mkwe avunjike nyonga. Kama ipo, nitaichukia mpaka nife, nikija kwenye kaburi lako nitaisema.

Nakuomba kwa adabu zote nilizobaki nazo.

Theresia, Mama Aika


Lengijave, 23 Juni 2024

Mama Aika,

Mimi si mwandishi. Nimechukua siku kadhaa.

Kidonda changu kinanuka. Unajua hilo? Nguo ikifunguliwa hata mimi mwenyewe nageuza uso. Nilitoka ndani nikaja kukaa uani ili nisiwanukie watu nyumbani. Nilipoona mke wa Lesian anapita mbio, amefunika pua na mdomo, nikasema sawa, ni haki yake, mtu aliyeoza anastahili kukimbiwa. Sikumkasirikia. Nilijichukia mimi. Wiki nyingi nimekaa pale nikihesabu kila anapokimbia. Na yeye alikuwa ananiheshimu!

Wewe ulisema mila. Nikakaa nikaitafuta. Kwetu mke wa mwanangu akiingia bomani, nampa mnyama. Toka hapo mimi na yeye tunaitana kwa jina la mnyama yule, na zile aibu kubwa zinapungua, anaweza kukaa nikiwepo, anaweza kunipa maji. Siku ile ya harusi tulikuwa mjini kwenye ukumbi, kulikuwa na keki na watu wa kamera. Niliambiwa pale nitoe zawadi, nikatoa blanketi kama wengine. Tukarudi, nikaumia mguu. Mtamba sikutoa. Kwa hiyo huyu binti ameishi kwangu akiwa bado hajaingia, na aliyemwacha mlangoni ni mimi. Nimetapika moyoni.

Jumatano nilimwita. Alikuja ukutani, ameinama. Nikamwonyesha mtamba mwekundu mwenye doa jeupe begani. Nikamwambia huyu ni wako. Akaniita kwa jina lile tunaloitana sasa. Nikamwambia kaa. Akatafuta kivuli. Nikamwambia, hapana, kaa hapa. Nikasogeza kiti changu upande wa chini, kule upepo unakokwenda, ili harufu isimfikie.

Alitoa mikono nje. Ilikuwa imepauka kama viazi vya ghalani. Nimeona mambo mengi maishani, mikono ile sitaki kuiona tena.

Uje, mkwe. Samaki uwaache.

Lomayani


Lengijave, 21 Julai 2024

Theresia mwenzangu,

Mwezi mzima nilijificha nyuma ya dagaa, lakini kiumbe chako ulichonitumia juzi nimekishika.

Nilivaa mifuko ya nailoni mikononi. Nilifanya nje nyuma ya zizi, kwenye sufuria la zamani ambalo halitarudi ndani tena. Nilipokwaruza magamba moja lilinirukia mdomoni. Nilipiga kelele mpaka jirani akaja na fimbo akidhani ni nyoka. Nilipomwambia ni samaki, akarudi nyuma hatua mbili zaidi.

Matumbo yale, dada! Kijani, meusi, kile kifuko kilichopasuka. Hivi nyie mnaona nini mle? Nilikwenda pembeni mara mbili. Mara ya tatu nilimaliza.

Aika alikula kichwa. Alikinyonya. Alitoa lile jicho kwa kidole, jeupe, la mviringo, akalitia kinywani na kufumba macho kwa utamu. Nilitazama ukutani nikaomba sala ya Bwana yote. Alipomaliza akalamba vidole akasema, "Yeyo, kesho utanipikia tena?"

Nikasema ndiyo. Sijui ni nani aliyesema kwa mdomo wangu.

Vidonge anakunywa. Mzee naye amekubali kurudi hospitali, wanamkata ile nyama mbovu. Kila asubuhi wanakaa pale nje, yeye na Aika, hawaongei sana, wananuka wote wawili, mmoja kidonda mwingine dagaa. Mimi natafuta pa kupitia.

Miguu bado inauma. Daktari anasema ni kazi ya miezi. Lakini jana aliinuka kwenye kigoda bila kushika magoti. Hakujua kwamba namtazama.

Namnyaki


Lengijave, 22 Septemba 2024

Shikamoo mama,

Ulivyoondoka Alhamisi ulikuwa umefurahi, umembeba mjukuu wako Irine ukampeleka mpaka kwa dereva wa pikipiki umwonyeshe pua yake kwamba ni yako. Kwa hiyo sikuweza kusema. Sasa nasema.

Sitakuja Lemara kulala uzazi.

Najua umeandaa chumba. Shangazi amenieleza: pazia zito, dirisha limezibwa upepo usiingie, mkaa, mablanketi, miezi mitatu mimi na Irine humo ndani, nanyweshwa mtori wa ndizi tu, hatuoni nje, na wewe ukija na sinia. Najua ndivyo ulivyolelewa na ndivyo ulivyonilea. Najua umewaambia wanawake wote wa jumuiya.

Mama, nikiwaza chumba kile nasikia kutapika. Harufu ya pazia lililolala na jasho. Nimekaa kwenye giza kama hilo, najua ladha yake. Siku wanapima nyonga zangu kama zitafunguka nizae, nililala pale nikafikiri: niliogopa kumwambia mtu "hapana" moja, na sasa huyu ndani yangu ndiye anayelipa. Amezaliwa salama, miguu imenyooka, daktari amempapasa kila mfupa. Mimi bado natembea polepole. Lakini sirudi gizani, hata giza likiwa la kwako, hata likiwa na mtori.

Irine atakwenda juani asubuhi kidogo kidogo kama walivyotuelekeza, nami nitakaa naye. Mtori utume, nitaunywa nje.

Usinichukie. Umekasirika, najua. Lakini ndivyo nilivyoamua.

Aika, Mama Irine


Lemara, 25 Septemba 2024

Mama Irine,

Nimekasirika. Nilikasirika Jumatatu nzima, nikampigia Hedwiga kelele bila kosa, nikamuuzia mteja sangara nusu mbichi. Miezi mitatu ni miezi mitatu! Mama yangu alinilaza, bibi yangu alimlaza. Nimeshona pazia lile kwa mkono. Na kutapika ukisikia chumba changu, chumba cha mama yako, hilo neno limenichoma mahali ambapo sikujua pana nyama.

Jana alasiri akaja yule Kandida wa jumuiya kuchungulia chumba, maana nilimwita mwenyewe aje aone. Akaniuliza mzazi anafika lini.

Nikasema, haji.

"Haji? Amekataa?"

Nikafungua mdomo nimfiche. Nikajikuta nimeshika kiuno. Nikamwambia, "Amekataa, tena kwa maandishi! Mimi mama yake! Nani katika hii jumuiya ana binti anayeweza kunikatalia mimi? Wewe mwenyewe huwezi." Nikamsomea ile barua yote, na pale pa kutapika nilisoma kwa sauti kubwa zaidi.

Pazia nimeling'oa. Nje lina vumbi, ndani lina ukungu wa kijani, linanuka vibaya kuliko ulivyosema.

Nakuja Jumapili na mtori. Nitakaa nanyi hapo uani, na mama mkwe wako akinipa yale maziwa ya moshi nitayanywa yote, nikitapika nitatapika nje.

Mama yako